Mbegu Bila Kitalu: Uhakiki wa Istilahi za Uzazi wa Mwanamume Mpakani mwa Busia na Tororo

Istilahi ya mbegu za kiume imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuhojiwa na wanaisimu au wahudumu wa afya. Hata hivyo, istilahi hiyo ni sitiari, tena sitiari yenye kasoro. Punje ya mhindi inapotiwa udongoni tayari ina kiinitete ndani yake. Udongo huipa maji na rutuba tu. Anayelipokea jina pamoja na picha yake huhitimisha kwamba mwanamume hutoa kiumbe kizima na mwanamke ni shamba. Mavuno yakikosekana, lawama huliendea shamba. Katika vijiji vya Busia na Tororo, ambako wengi huishi kwa kulima, picha hiyo haihitaji mfafanuzi.

Biolojia inasimulia jambo jingine. Chembe ya kiume huchukua takriban siku 74 kuundwa ndani ya korodani, ikilelewa na seli zilizopewa jina la Enrico Sertoli, Mwitalia aliyezieleza mwaka 1865. Zikichochewa na homoni ya FSH, seli hizo hutengeneza inositoli kutokana na glukosi, nayo hujaa katika majimaji ya mirija ya korodani kwa kiwango kinachozidi sana kile cha damu. Inositoli husaidia seli kuhimili mabadiliko ya chumvi na maji. Aidha, ikiwa sehemu ya mafuta ya utando wa seli, huzalisha ujumbe unaoachilia kalsiamu, ambayo chembe huihitaji ili ichape mkia na kupenya ganda la yai. Kwa lugha ya mkulima, korodani ni kitalu, wala si ghala. Sitiari iliyozoeleka ina mbegu na ina shamba, lakini kitalu haina. Ndiyo maana haimwachi msikilizaji ashuku kwamba tatizo laweza kuanza kabla ya kupanda.

Msamiati wa jirani huzidisha utata. Neno tasa kwa mazoea humwelekea mwanamke. Mgumba laweza kumhusu yeyote, ila halitaji sababu. Hanithi hutaja kushindwa kujamiiana, jambo tofauti kabisa na upungufu wa chembe. Mbaya zaidi ni nguvu za kiume, kauli pendwa ya matangazo ya dawa, inayofunga uwezo wa tendo na uwezo wa kuzalisha katika fungu moja. Mwanamume mwenye nguvu zake zote haoni sababu ya kupimwa, na mkewe huendelea kuzungushwa kwa waganga, pengine hadi ndoa ivunjike. Ilhali katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume huwa na sehemu yake katika tatizo.

Mpakani suala hili lina uzito wa kisera. Kisamia na Kiteso husemwa pande zote mbili, Dhopadhola ina makao yake Tororo, na Kiswahili huunganisha soko. Kenya ilikifanya lugha rasmi katika Katiba ya 2010; Uganda ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya mwaka 2005. Lakini upande wa Uganda Kiswahili kilikaa muda mrefu kambini na katika vituo vya polisi, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 haikukiongezea upole. Kumwomba mzee wa Tororo aeleze siri ya chumbani kwa lugha aliyoizoea kama lugha ya amri ni kudai mengi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki haitatatua hilo kwa kusanifisha istilahi pekee. Lugha za nyumbani nazo zinastahili kuulizwa zinakiitaje kitalu.

Kutohoa inositoli si tatizo. Neno limekaa vizuri kinywani. Tatizo ni kulitia katika kijarida chini ya kichwa kinachoahidi nguvu, wakati ushahidi wa manufaa ya vidonge vyake kwa wanaume bado ni mwembamba. Kijarida cha haki kingeanza na zile siku 74, kwa kuwa anayemeza dawa yoyote wiki mbili kisha akapimwa, anapimiwa chembe zilizoanza kuundwa kabla hajaigusa.