Swali lilifutwa, jibu likaondoka nalo

Kosa la Ijumaa halikuwa kuuliza. Mliokuwa kundini mliona wenyewe: fundi wa Mbagala Rangi Tatu alipata dawa ya chaji feki, akaandika "imekubali wakuu", kisha akafuta swali, picha ya bodi na vipimo vyote alivyotuma. Katika makundi ya mafundi simu ya jiji hili sijaona uamuzi mbovu kuliko huo.

Mwanzo wake nao ulikuwa ule ule ninaoupigia kelele kila siku. "Wakuu msaada wa haraka, mteja kakaa hapa", halafu sauti ndefu isiyotaja hata modeli. Anayekujibu hapati shilingi, naye ana simu za wateja wake mezani. Haraka ya mteja wako haimhusu.

Fundi wa Mwananyamala hakukasirika. Aliuliza mita inasoma ngapi kwenye tundu la chaji, betri inasoma ngapi, na ile pini ya joto kwenye konekta ya betri inasoma nini. Tundu lilikuwa na volti 5, betri nzima, pini ya joto kimya. Akamwambia afuate njia ya pini ile mpaka inapokatikia, apige jampa, kwa sababu aisii ya chaji isipojua joto la betri hukataa kupeleka umeme hata kama alama ya chaji inaonekana kwenye kioo. Kazi safi.

Halafu mwenzetu akafuta. Tangu 2022 WhatsApp inakupa zaidi ya siku mbili za kufuta ujumbe kwa wote, naye akaitumia nafasi hiyo kufuta mmoja mmoja. Yakabaki maswali ya fundi wa Mwananyamala yakining'inia, hayaeleweki yanamuuliza nani wala kuhusu simu gani. Jumatatu kijana wa Tandika akaja na ugonjwa ule ule. Akajibiwa "panda juu utafute, tulishaongea". Akapanda, akakuta safu ya alama za ujumbe uliofutwa. Aliporudi kuuliza tena akaitwa mvivu, tena na watu wazima walioshuhudia ufutaji wa Ijumaa wakanyamaza. Yule kijana alitaja modeli, alitaja vipimo, alisalimia. Alistahili jibu, na lilikuwepo hadi lilipofutwa.

Waliotutangulia hawakufanya hivi. Agosti 25, 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix akiomba maoni kuhusu mfumo aliokuwa anautengeneza. Alitaja aina ya kompyuta, akataja kwamba ameshahamishia bash 1.08 na gcc 1.40. Ujumbe ule unasomeka hadi leo. Na hapa nyumbani, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, waliandaa na orodha ya istilahi ili anayekuja nyuma asianze kubuni upya. Sisi tunashindwa kuacha mistari mitatu: modeli, kipimo, kilichotibu.

Nimesikia utetezi wake. Eti ufundi ni soko, na jibu likibaki wazi kila kibanda cha Rangi Tatu kitaitibu simu ile na bei itashuka. Kama ni biashara, angemfuata mwalimu akamlipa. Alikuja mbele ya watu wote, akachukua muda wa watu wote, kisha akaondoka na mali kama kainunua. Mwenye haki ya kuipangia bei maarifa yale ni fundi wa Mwananyamala, naye aliyatoa bure mbele yetu.

Maadmini mna kazi wiki hii: mwambieni ayarudishe yale maelezo kundini kwa mkono wake, kisha mwombeni radhi kijana wa Tandika.