Heko, Waonja Chai wa Mombasa

Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania hupita kwenye ndimi za waonjaji hawa kabla ya kupata bei.

Mezani, vikombe vyeupe vimejipanga safu ndefu. Majani hupimwa kwa mizani ndogo, hutiwa maji yanayotokota, hufunikwa kwa dakika tano au sita. Majani yaliyolowa hubaki juu ya kifuniko kilichopinduliwa. Yakiwa na rangi ya shaba ing'aayo, hiyo ni dalili njema. Kisha mwonjaji huchota chai kwa kijiko, huifyonza kwa kishindo ili harufu ipande puani, huitema, huyo anaenda kikombe kinachofuata.

Kila fungu huja na jina la kiwanda chake: Gisovu ni Gisovu, Kitabi ni Kitabi, ingawa zote zatoka Rwanda, na ulimi wa mwonjaji huzitofautisha. Usikivu huo wa ulimi ni elimu kamili, nao wastahili heshima. Nawe msomaji, tafuta chai ya kiwanda kimoja uionje bila maziwa wala sukari.