Huntha, Hanithi na Mlawiti: Maneno Matatu na Hukumu Tatu

Kazi ya kamusi ni kupambanua. Kwa kipimo hicho, kamusi na tafsiri zetu zina deni kwa watu ambao maumbile yao au mwenendo wao si kama wa walio wengi. Maneno waitwayo yametoka katika sheria ya dini, lakini upambanuzi wa sheria hiyo umeachwa njiani.

Huntha na hanithi ni maneno ya Kiarabu yenye shina moja, ambalo asili yake ni kulegea na kupindana. Kiswahili kiliilainisha kh ya mwanzo ikawa h, na wasemaji wengi hawayatengi tena. Lakini wanachuoni wa fikihi waliyatenga. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika kuwa ya kiume au ya kike. Hilo ni jambo la mwili, wala halina dhambi. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, huntha ana mlango wake katika mirathi: hupewa fungu lililo yakini, na lenye shaka huwekwa mpaka hali yake ibainike au warithi wapatane. Wa pili ni mukhannathi, mwanamume mwenye sauti na mwendo wa kike. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, aeleza kuwa hao ni wa namna mbili: aliyeumbwa hivyo, naye hana lawama, na ajifanyaye kwa kusudi, naye hulaumiwa. La tatu ni liwati, nalo ni kitendo, na hukumu ya fikihi juu yake ni kali sana. Hayo ni mambo matatu: mwili, tabia na kitendo, na kila moja lina hukumu yake.

Sasa tuzitazame kamusi. Neno hanithi hupewa maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume, kisha maana ya mwanamume alalwaye na wanaume. Hivyo mgonjwa ahitajiye tabibu, mtu mpole wa sauti, na mtu ashutumiwaye kwa kitendo, wote huvikwa kanzu moja. Tafsiri ya Biblia ya 1952, iitwayo Union Version, nayo ilitumia hanithi katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, ambapo neno la Kiebrania lina shina moja na utakatifu, na lahusiana na ibada za mahekalu ya mataifa. Lakini watafsiri hao hao walilihifadhi neno towashi, ambaye katika Isaya sura ya 56 apewa ahadi njema. Walijua kupambanua walipotaka.

Hasara yake huonekana zaidi mbali na pwani. Mkoani Kigoma, Uislamu una mizizi yake Ujiji, katika njia ya misafara ya kale. Lakini Heru Juu, katika nyanda za juu za Buha, Kiswahili kilienea zaidi kwa shule, kanisa na ofisi. Kwa hiyo neno hanithi halikupanda mlima pamoja na mlango wa mirathi. Lilipanda kama aya ya karipio na kama tusi. Na hili lilifika katika lugha isiyokuwa na haja nalo. Kiha, kama Kiswahili, hakibagui mume na mke katika viambishi vya ngeli. Na cheo cha Mwami kilishikwa na Theresa Ntare, mwanamke aliyeitawala Heru katika miaka ya 1950, bila neno kubadilishwa hata silabi moja.

Huenda mtu akajibu kwamba sheria imekwisha kunena. Naam, imenena, lakini si sheria ya dini. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kitoacho kifungo cha maisha na kisichopungua miaka 30, ni urithi wa sheria ya jinai ya Kiingereza, ulioongezwa ukali mwaka 1998. Zanzibar nako, Mahakama ya Kadhi huamua ndoa, talaka na mirathi. Jinai si yake, bali ni ya sheria za Baraza la Wawakilishi. Tena kifungu hicho cha 154 chahukumu kitendo. Hakimtaji huntha, wala mwenye sauti nyembamba. Lakini mtaani mtu huhukumiwa kwa jina kabla ya kuulizwa alilotenda, na jina hilo sisi wenye kamusi ndio tulioliidhinisha.

Jirani zetu wa Kenya waliwahesabu watu wa namna ya huntha katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524. Na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawatambua watoto hao. Hesabu haiwezekani pasipo jina lisilo la matusi.

Si kazi ya mwanaisimu kutoa fatwa. Yampasa, hata hivyo, kudai kwamba huntha aandikwe peke yake, kama istilahi ya mwili na ya mirathi. Hanithi aelezwe pamoja na historia ya neno, na alama ya kuwa ni tusi. Na mlawiti abaki kuwa jina la mtendaji. Mzazi wa Heru Juu aliyejaliwa mtoto wa namna hiyo, akifungua kamusi, asikutane na shutuma mahali alipotafuta maana.