Sauti Isiyohitaji Spika

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Juni wanakwaya hufanya mazoezi wakiwa wamevaa makoti. Mwalimu anabonyeza noti ya kuanzia kwenye kinanda, soprano wanaidaka, besi wanakohoa kwanza. Maneno ya wimbo bado. Zinapandishwa na kushushwa do, re, mi, kisha midomo inatetemeshwa, brrr, mpaka pumzi iishe. Mgeni akipita dirishani atacheka, ingawa waimbaji wa opera wa Ulaya nao hupasha sauti zao kwa zoezi hilohilo.

Nyimbo za sauti nne si ngeni huku. Wamisionari wa Berlin waliingia nazo Ubena mwishoni mwa karne ya 19, na leo toka Njombe hadi Makambako ni nadra kukuta usharika au parokia isiyo na kwaya. Kinachoitenga opera ni sharti moja gumu: mwimbaji hasimami mbele ya maikrofoni. Ana orkestra nzima chini ya jukwaa, na mtu wa kiti cha mwisho lazima amsikie.

Anawezaje? Si kwa kupiga kelele. Johan Sundberg, mtafiti wa Sweden, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba orkestra hutoa nguvu yake nyingi karibu na hezi 500, wakati koo lililofunzwa hukusanya mwangwi wake karibu na hezi 3,000, mahali ambapo vyombo vimepungua nguvu. Sauti hupenya hapo. Kufika huko ni kazi ya miaka. Mwanafunzi hulala chali, kitabu juu ya tumbo, akijifunza kukishusha polepole bila mbavu kuporomoka. Ni zoezi la kuchosha, tena halipigiwi makofi.

Mwimbaji wa opera Serge Kakudji alianzia kwenye kwaya pia. Alikulia Lubumbashi, mji wa Katanga, Kongo, unaozungumza Kiswahili, ambako shaba hupakiwa kwenye malori yanayopita Makambako kwenda bandari ya Dar es Salaam. Ni kauntatena, yaani mwanaume anayeimba kwenye kimo cha alto. Mwaka 2008 alishiriki Pitié!, kazi ya mwongozaji wa dansi Alain Platel iliyojengwa juu ya muziki wa Bach. Mwaka 2014 ikaja Coup Fatal: Handel na Monteverdi wakipigiwa likembe, yaani kinanda cha vidole gumba, na magitaa ya Kinshasa, nyuma yao mapazia ya maganda ya risasi yaliyoundwa na mchongaji Freddy Tsimba. Kakudji hakulazimika kuiacha Kongo mlangoni ili aimbe muziki wa Ulaya, na hapo ndipo anapopendeza zaidi.

Kijana wa Makambako ana mtaji asioujua: irabu. Kiitaliano, lugha mama ya opera, hupenda kumalizia maneno kwa irabu kama Kiswahili; Kijerumani ndicho kitakachomtoa jasho. Shahada ya muziki ipo chuo kikuu cha Makumira, Arusha. Umri nao haumbani, maana besi nzito hukomaa mtu akishavuka miaka 30. Kinachomchelewesha ni spika, ambazo siku hizi zimejaa hata makanisa yenye viti vichache. Mwalimu angezizima kwenye mazoezi, walau kwa wimbo mmoja, asikie nani anafika ukuta wa nyuma.