Tunaposhuhudia Mbele ya Waliotupa

Kushuhudia tunakujua. Mjane aliyepewa mabati husimama Jumapili akamshukuru Mungu, kisha mchungaji, kisha kamati ya diakonia, nasi tukapiga makofi. Kwamba mabati ni kumi na nyumba inahitaji ishirini, hilo halisemwi. Atalisemaje, na walioandika jina lake wameketi mbele?

Mwaka 2010 GlobalGiving, shirika la Marekani linalochangisha fedha kwa ajili ya vikundi vya hisani, lilianza nchini Kenya, na baadaye Uganda, kazi inayostahili kupimwa na kanisa. Wakusanyaji waliotoka katika jamii zenyewe waliwaomba watu wasimulie wakati ambapo mtu au shirika lilijaribu kumsaidia mtu au kubadili jambo katika jamii yao. Litazameni swali hilo, wapendwa. Halikutaja shirika lolote, hata hilo lililouliza. Na neno "lilijaribu" linamruhusu mtu kusimulia yaliyoshindikana bila kuonekana mchongezi. Tena msimulizi mwenyewe aliweka alama kuonyesha maana ya hadithi yake. Hakuachiwa mtu wa ofisini amwamulie.

Hadithi zilifika makumi ya maelfu. Hapo ndipo sifa zangu zinapungua. Hadithi nyingi hivyo hazisomwi moja moja. Hulinganishwa kwa kompyuta, na mjane wetu hugeuka nukta katika mchoro. Shirika laweza kujifunza kutokana na nukta hiyo, lakini mjane bado ananyeshewa.

Katika Yohana 9 wazazi wa kipofu aliyeponywa wanaulizwa na wenye mamlaka. Wanaogopa kutengwa na sinagogi, basi wanalisukuma swali kwa mwana wao. Yeye anasema yaliyompata, anafukuzwa. Yesu anaposikia kwamba amefukuzwa, anamtafuta mpaka anampata. Wakosoaji wa misaada hupenda kuzungumzia ujasiri wa msemaji. Mimi naona kazi kubwa zaidi ni ya huyo anayemfuata baadaye.

Usharika hauhitaji kompyuta. Unahitaji swali kama lile, liulizwe na kijana wa jumuiya nyingine, wala si na mzee wa kanisa anayeshika orodha ya misaada. Kisha mtu mmoja wa kamati arudi kwa aliyesimulia, kabla orodha mpya haijaandikwa, amweleze kilichobadilika, au kwa nini hakikubadilika.