Ini Lililooshwa

Mwaka 1855, jijini Paris, Claude Bernard alilitoa ini la mbwa aliyekuwa amelishwa nyama tupu, akalipitishia maji baridi kwenye mishipa yake kwa dakika 40, hadi yakatoka bila dalili ya sukari. Kesho yake alilipima tena, akakuta sukari tele. Kumbe ini lina akiba yake, ambayo mwaka 1857 aliitenga: glaikojeni. Wengi husifu ugunduzi huo. Mimi navutiwa na kule kuosha.

Maana uoshaji huo bado upo. Mwaka 1969 Berry na Friend walionyesha namna ya kuzitenganisha seli za ini la panya kwa kupitisha kimeng'enya mishipani, badala ya kuliponda na kuambulia seli zilizojeruhiwa. Baadaye Per Seglen wa Norway aliigawa kazi hiyo mara mbili: kwanza maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, ili viungio vya seli vilegee, kisha kimeng'enya chenyewe, kolajenezi, pamoja na kalsiamu, kwa kuwa bila hiyo kimeng'enya hakifanyi kazi sawasawa.

Kwenye karatasi ni sentensi mbili. Mezani, panya akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, ni mkono unaoingiza mrija katika mshipa uletao damu kutoka utumboni, na jicho linaloulinda mrija huo dhidi ya povu. Kipovu kimoja cha hewa kikiingia, sehemu ya ini haipati maji, inabaki na wekundu wake huku kwingine kukipauka. Joto ni nyuzi 37. Hakuna saa inayotosha kukuambia ini liko tayari: unaligusa, na alama ya kidole inabaki kama kwenye embe lililoiva mno. Ukiwahi, unapata mabonge. Ukichelewa, unapata maiti. Likifika, unachana utando wake na kulitikisa polepole, seli zinamwagika kwa mamilioni. Rangi ya buluu huingia zilizokufa tu. Fundi mzuri huzihesabu chache.

Hapa ndipo ufundi unapogeuka kuwa hoja ya kisayansi. Anayechunguza msongo wa oksidisho hupima, pamoja na mengine, glutathioni, kinga ya seli dhidi ya haidrojeni peroksaidi na jamii yake. Lakini seli iliyovutwa ovyo huanza kuipoteza kinga hiyo kabla jaribio halijaanza. Mtafiti mwenye haraka anaweza kuandika makala nzima kuhusu papara yake mwenyewe.

Zikiwa nzima, seli hizo hujibu maswali ya ajabu. Panya akinyimwa chakula usiku kucha, glaikojeni hupungua sana. Ukizipa seli zake lakteti, glukosi inayotokea kwa sehemu kubwa ni mpya. Ukiongeza peroksaidi, seli huielekeza sehemu ya glukosi yake njia nyingine, ile inayozalisha nguvu ya kuihuisha glutathioni. Yote haya lazima yapimwe siku hiyohiyo, kwani zikikaa siku chache katika sahani, seli hizo huanza kusahau kazi za ini.