Kushuka River Road: Tatizo la Kutafsiri Anwani

Anwani ya riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976), humtega mfasiri kwa kitenzi chake. Waingereza huweza "kwenda chini" hata katika njia iliyo tambarare. Maana yake ni kuifuata tu. Lakini Ben, mwanajeshi wa zamani aliyeishia kuwa kibarua wa ujenzi, anaifuata njia hii na papo hapo anadidimia. "Kuteremka" hakufai: mteremko kwetu ni wepesi pia, naye Ben hapati lolote kwa mteremko. "Kuzama" huhifadhi maangamizi, humpoteza mwenda kwa miguu. Nachagua "kushuka", kwani abiria hushuka, na cheo hushuka. River Road yenyewe isiguswe; anayeulizia "Barabara ya Mto" mjini Nairobi hataonyeshwa.